Biskuti, mchanga, chai ya maziwa: majibu kwa wanaochagua rangi tulivu za ukuta

Barua nyingi za safari hii zinahusu familia moja ya rangi: zile zinazokaa kati ya krimu na kahawia. Dukani zina majina mengi, biskuti, mchanga, kaki, ngano, chai ya maziwa, na kila kampuni huongeza yake. Watu huzichagua wakiamini kwamba ukichukua yoyote hutakosea. Kumbe ndizo zinazoleta malalamiko mengi zaidi, na chanzo karibu kila mara ni kilekile: mtu ameanza na kadi ya rangi kabla ya kutazama sakafu na taa.

Ndugu wahariri, nimepaka sebule rangi iliyoitwa biskuti kwenye kadi. Ukutani imekuwa ya pinki, hasa usiku. Fundi anasema hakukosea, na duka linasema ndoo ni sahihi. Tatizo ni nini, na je, nipake upya sebule yote?
*Mama Mapacha, Kibaha*

Mama Mapacha, fundi na duka wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Hakuna biskuti isiyo na rangi nyingine ndani yake. Mashine ya dukani huanza na nyeupe, kisha hudondosha oksaidi ya njano, nyekundu kidogo na nyeusi kidogo, pengine na kahawia. Nyekundu ikizidi hata kwa mililita chache kwenye ndoo ya lita 20, ukuta unaelekea pinki au pichi. Njano ikitawala, unapata ukuta wa siagi. Nyeusi ikikutana na njano bila nyekundu ya kutosha, inatoka rangi ya zeituni iliyofifia, ambayo wengi huiita "chafu" bila kujua kwamba wanachokiona ni kijani.

Anza na ndoo. Rangi iliyochanganywa kwa mashine huwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko, yenye herufi na namba: herufi ni aina ya tinta (rangi kali ya kuchanganyia), namba ni kiasi. Herufi hutofautiana baina ya kampuni, hivyo mwombe muuzaji akusomee ipi ni nyekundu. Linganisha nyekundu na nyeusi. Nyekundu ikiwa sawa na nyeusi au kuizidi, pinki uliyoiona imetoka kwenye ndoo, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa kadi.

Kadi yenyewe hudanganya kwa namna mbili. Kwanza ni ndogo, na imezungukwa na weupe wa karatasi. Ukutani rangi ileile inatazamana na yenyewe pande nne, kila ukuta unamrushia mwenzake, na rangi iliyokuwa imejificha inajitokeza. Ndiyo maana tunashauri uchukue hatua moja nyepesi zaidi ya ile iliyokupendeza kwenye kadi. Pili, kadi moja ikitazamwa peke yake haisemi kitu. Weka kadi nne za biskuti pamoja juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia, karibu na dirisha. Mara moja utaona hii ni ya pinki, ile ya njano, ile ya kijani. Kama kadi ina ngazi kutoka nyepesi hadi nzito, tazama ile ya chini kabisa, iliyo nzito kuliko zote: rangi iliyofichwa juu, chini iko wazi.

Sasa sakafu. Hujatuambia marumaru yako ni ya rangi gani, lakini hapo ndipo pa kuanzia kwa sababu marumaru haibadilishwi kwa wikendi moja. Marumaru nyingi za krimu za bei ya kawaida zina mawingu ya pinki au ya njano. Ukuta wa pinki juu ya marumaru ya njano hufanya kila kimoja kitangaze kasoro ya mwenzake. Ukuta unaotakiwa ni wa upande uleule wa marumaru, lakini mwepesi zaidi, au wenye ukijivu zaidi.

Umesema usiku ndiyo inazidi. Tazama boksi la taa zako. Taa nyingi za LED za bei nafuu madukani ni za 6500K, zile zilizoandikwa "Daylight" (K hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda unaelekea bluu, ikishuka unaelekea njano). Mwanga wake una bluu nyingi, na bluu ikianguka kwenye biskuti yenye nyekundu inatoa zambarau hafifu. Kabla hujamwita fundi, nunua taa mbili za 3000K, ziwashe sebuleni, na utazame ukuta saa 2 usiku. Sebule nyingi zinapona hapo.

Isipopona, pakeni upya sebule hiyo tu. Hakuna haja ya kukwangua: futeni vumbi na mafuta, pigeni msasa mwepesi wa namba 220, kisha mikono miwili ya rangi mpya. Na safari hii ijaribuni kwanza. Tafuta kipande cha bodi ya jipsamu cha sentimita 60 kwa 60 (mafundi wa dari huvitupa), kipake praima nyeupe na mikono miwili ya rangi unayoitaka, ukiacha ukingo mweupe wa sentimita 5 pande zote ili rangi ya zamani ya ukuta isikuchanganye macho. Usihukumu ikiwa mbichi, maana rangi ya maji huonekana nyepesi ikiwa na unyevu na huiva ikikauka. Kisimamishe kipande kikigusa marumaru, kisha kihamishe: pembeni mwa dirisha, ukuta wa mkabala, kona yenye giza, nyuma ya sofa. Kitazame saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni na usiku taa zikiwaka. Rangi inayokuudhi katika saa unayokaa sebuleni zaidi haifai, hata kama mchana ni nzuri.

Kila ninachosoma kuhusu rangi kinasema chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, kwa hiyo kipakwe rangi ya joto. Chumba changu kinatazama kaskazini na sioni ubaridi wowote. Nifuate?
*Msomaji, Mwanza*

Usifuate. Ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana linakuwa upande wako wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Tena liko juu sana: hata mwezi Juni, linapokuwa mbali kabisa, linainama nyuzi kama 26 tu kutoka utosini. Paa likitokeza mita 1, kivuli chake saa hiyo hushuka karibu mita 2 ukutani, kwa hiyo jua lenyewe halifiki dirishani. Kinachoingia chumbani ni mwanga uliokwisha kugonga vitu vya nje.

Kwa hiyo toka nje utazame. Uwanja wa udongo mwekundu hurusha rangi ya chungwa hadi darini. Biskuti yenye nyekundu ndani ya chumba hicho itawaka, na unahitaji mchanga wenye ukijivu. Mwembe au ua wa miti karibu na dirisha huleta kijani, na hapo mchanga unaoelekea zeituni utaonekana wa kuugua. Chukua unaoelekea pichi kidogo. Bati la bluu la jirani lililo chini ya usawa wa dirisha lako, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za milimani hapo kwenu, hurusha bluu ya kutosha kuifanya krimu iwe kijivu. Mkabala ukiwa na ukuta mweupe, una bahati: karibu rangi yoyote itakaa ilivyo.

Mashariki na magharibi ndiko kwenye kazi kubwa zaidi kwetu. Dirisha la magharibi huingiza jua la chini, la rangi ya chungwa, kuanzia saa 10 alasiri mpaka magharibi. Biskuti ya njano ndani ya chumba hicho huwa kama embe bivu jioni nzima. La mashariki lina mwanga mkali wa njano mpaka saa 4 asubuhi, kisha siku nzima ni mwanga mtulivu. Kama ni chumba cha kulala, mnakiona zaidi usiku. Chagueni kwa taa.

Korido ya nyumba ninayopanga haina dirisha hata moja. Sasa ni magnolia. Nataka rangi ya mchanga, mwenye nyumba anasema itakuwa giza. Nani yuko sahihi?
*Mpangaji, Nairobi*

Ana nusu ya ukweli. Kampuni nyingi huandika kwenye katalogi au tovuti zao namba ya LRV, yaani kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha chumbani, kutoka 0 ya nyeusi kamili hadi 100 ya nyeupe kamili. Kwa makadirio, krimu nyepesi huwa na 75 na zaidi, mchanga mwepesi 60 hadi 70, biskuti ya kawaida 50 hadi 60, kaki 40 kushuka chini. Kwa korido isiyo na dirisha, usishuke chini ya 65. Ukitaka biskuti ya 50, ongeza taa kwanza.

Lakini mwenye nyumba ajue pia kwamba rangi haizalishi mwanga. Korido yenye taa moja katikati itakuwa na giza mwishoni hata ikiwa nyeupe. Taa mbili ndogo za 4000K, zilizogawanywa kwa umbali sawa, zitafanya zaidi ya ndoo yoyote. Angalia kwenye boksi namba ya CRI au Ra, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia wake: 80 ndiyo ya chini ya kukubali, kwa sababu chini ya hapo rangi za udongo huonekana zimekufa, na 90 ukiipata ichukue. Na kwa kuwa hakuna jua linaloingia humo, usisumbuke kupeleka kadi dirishani. Chagua ukiwa ndani ya korido, chini ya taa hizohizo.

Jambo la magnolia. Ile iliyozoeleka, ambayo katika mfumo wa Uingereza wa BS 4800 ni namba 08 B 15, ni krimu yenye upinki. Korido ikipakwa mchanga unaoelekea kijani na vyumba vikabaki magnolia, kila mlango ukifunguliwa chumba kitaonekana cha pinki zaidi ya jana. Chukua mchanga wenye joto kidogo, na ukomeshe rangi kwenye kona ya ndani ya fremu ya mlango, pasipoonekana zote mbili kwa pamoja. Epuka silki (rangi yenye mng'ao) katika korido nyembamba: taa ikipita sambamba na ukuta, mng'ao unaonyesha kila wimbi la puti.

Mimi ni fundi. Wateja wangu wengi hawana uwezo wa rangi ya mashine, wananunua ndoo nyeupe nami natia tinta kwa mkono. Biskuti yangu inatoka kijani, nikiongeza nyekundu inakuwa pinki. Vipimo ni vipi?
*Fundi, Morogoro*

Fundi, unaongeza kwa macho kwenye ndoo nzima, na ndoo nzima haina njia ya kurudi. Fanya kwanza kwenye lita 1. Nunua mabomba ya sindano ya mililita 10 na ya mililita 1 duka la dawa, moja kwa kila tinta, na usiyachanganye.

Kwenye lita 1 ya rangi nyeupe ya maji anza na oksaidi ya njano mililita 4. Koroga mpaka mistari yote iishe. Tia nyeusi nusu mililita. Hapo itageuka kijani, na wengi ndipo wanaposhtuka, lakini njano na nyeusi hutoa kijani siku zote. Nyekundu ndiyo inayokiua, na huingia mwisho, kwa sehemu ya kumi ya mililita, ukikoroga kila mara. Mara nyingi kijani kinakufa kabla hujafika nusu mililita. Pale tu kinapokufa, simama. Ukitaka rangi iwe nzito zaidi, ongeza njano na nyeusi pamoja, nyekundu uiguse mwishoni tena. Tinta za kampuni mbalimbali zina nguvu tofauti, kwa hiyo chukulia vipimo hivi kama mahali pa kuanzia na uandike ulivyotumia wewe.

Paka kwenye kadi mikono miwili, kausha, mteja akubali na aweke sahihi nyuma ya kadi. Kisha zidisha mara 18 kwa ndoo ya lita 20. Kwenye ndoo hiyo toa kwanza lita 2 za nyeupe uweke pembeni, ndizo akiba yako tinta ikizidi. Usimimine tinta nzito moja kwa moja. Ichanganye kwenye kikombe cha rangi hiyohiyo nyeupe, ichuje kwa kitambaa cha neti, ndipo uitie. Koroga kuanzia chini kwa dakika 10, na ukwangue kingo, maana nyeupe iliyoganda pembeni ikilegea katikati ya ukuta utaona mistari.

Mambo mawili yanaharibu kazi hii. La kwanza ni kutumia unga wa redoksaidi wa sakafu: chembe zake hazijasagwa kwa ajili ya rangi ya maji, rola inazipasua ukutani na mistari myekundu inatokea. La pili ni kulazimisha nyeupe iwe kahawia. Tinta ikikaribia mililita 50 kwa lita, rangi inachelewa kukauka, inabaki kunata, na ukuta ukipanguswa kitambaa kinatoka na rangi. Mteja akitaka kahawia nzito, anunue besi ya rangi nzito, yaani ndoo isiyo na weupe mwingi ndani yake.

Nyumba mpya, ukuta umepakwa rangi ya mchanga miezi miwili iliyopita. Chini kumetokea mawingu meupe na unga. Duka linasema ni fundi, fundi anasema ni duka.
*Msomaji, Mombasa*

Ni chumvi na unyevu. Kwenye ukuta mweupe usingeona mapema hivi, lakini rangi ya mchanga huonyesha kila wingu jeupe. Lipu ya saruji inahitaji siku 28 kwa uchache kabla ya rangi, na hewa ya Pwani huongeza muda huo. Mchanga wa kujengea ukiwa na chumvi, maji yanayokauka huibeba hadi juu na kuiacha hapo. Saruji mbichi pia ina ukali wake unaobabua baadhi ya tinta. Zile za oksaidi huvumilia kuliko nyingine.

Kwanza jua kama unyevu bado unapanda. Bandika nailoni nzito ya sentimita 45 kwa 45 ukutani, uzibe kingo zote kwa tepu, uiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone ndani au ukuta umeiva rangi, bado. Tafuta chanzo: udongo uliorundikwa nje juu ya usawa wa sakafu, bomba linalovuja, kukosekana kwa nailoni ya msingi. Chumvi iondoe kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Ukuta ukishakauka kweli, praima ya kukinga ukali wa saruji mkono mmoja, kisha rangi mikono miwili. Ukipaka juu ya wingu bila kuondoa chanzo, litarudi palepale.

Nyumba ya familia iko Mji Mkongwe, kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Tunataka rangi ya mchanga ndani. Fundi ameleta rangi ya maji ya kawaida. Inafaa?
*Msomaji, Unguja*

Mrudishie. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa nje kupitia chokaa. Rangi ya maji ya kawaida ina plastiki ndani yake, nayo huuziba, chumvi inakusanyika nyuma yake, na baada ya muda rangi inatoka na ngozi ya lipu. Mnachohitaji ni chokaa yenyewe iliyotiwa rangi ya udongo.

Chokaa iliyoloweshwa vizuri izimuliwe mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Rangi ziwe za oksaidi au udongo wa njano na kahawia, kwa kuwa nyingine huungua ndani ya chokaa. Unga huo uloweke kwenye maji ya moto usiku mmoja, uuchuje, na usizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa chokaa, la sivyo ukuta utabaki kutoa vumbi. Ukuta ulowanishwe kwanza. Paka mikono myembamba minne au mitano, siku moja baina ya mkono na mkono, kwa brashi pana. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji matupu, msiongeze unene. Chokaa nene hupasuka na kubanduka. Vaeni miwani na glavu, chokaa hupofusha.

Kuhusu kuchagua: tahadhari, hapa kila kitu ni kinyume cha rangi ya maji. Chokaa mbichi huonekana nzito na hupauka sana ikikauka. Jaribio likaushwe siku nzima kabla ya kuamua, na mtengeneze ya kutosha kwa ukuta mzima mara moja, kwa sababu kuirudia ileile ni vigumu. Kwa kuta za nje, pitieni kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo hilo liko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na rangi ya nje si ya mwenye nyumba peke yake.

Sofa zangu ni za kahawia, meza ya TV ya mninga, marumaru za kahawia, mapazia ya dhahabu. Je, ukuta wa kaki utapendeza?
*Dada wa Tabora*

Hapana, dada. Kila kitu kitazama. Mninga una wekundu wake mzuri ambao huonekana ukiwa na kitu chepesi nyuma yake. Paka mchanga mwepesi wa LRV 70 hivi, unaoelekea kijivu, na kama mapazia hayakuuzwa na nyumba, anza na hayo.

Chumba ni mita 4 kwa 3.5, ukuta mita 2.8. Fundi anataka ndoo nzima ya lita 20. Ni haki?
*Baba Watatu, Mbeya*

Mzunguko wa chumba ni mita 15, mara 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1, na madirisha mawili tuseme ya 1.5 kwa 1.2: zinabaki kama 36.5. Mikono miwili ni 73. Ukuta uliopigwa puti na praima, lita 1 hufunika karibu mita 10, hivyo unahitaji lita 7.3, yaani galoni mbili za lita 4. Lipu ya kawaida yenye mchanga mchanga hunywa zaidi, lita 1 kwa mita 7, na hapo ni galoni tatu. Praima galoni moja. Dari ni hesabu yake, na rangi yake ni nyingine. Ndoo ya 20 ni ya vyumba viwili. Muulize fundi cha pili kiko wapi.

Galoni zikiwa zaidi ya moja, zimiminwe zote kwenye ndoo moja zikorogwe pamoja kabla ya kuanza. Rangi za mchanga hutofautiana kidogo baina ya kopo na kopo hata kwa mashine ileile, na tofauti hiyo huonekana pale ukuta mmoja unapokutana na mwingine.

Dari na milango iwe nyeupe ipi?
*Msomaji, Moshi*

Dari nyeupe mati (isiyong'aa) ya kawaida, inasaidia mwanga. Tatizo liko milangoni: nyeupe kali inayong'aa hufanya biskuti ionekane imechafuka. Ombeni dukani rangi ya milango itiwe robo ya tinta ya ukutani. Haitakuwa ngazi kamili ya rangi ileile, ila inakaa jirani. Mkitumia rangi ya mafuta, fahamuni kwamba hugeuka njano mahali pasipofika jua, kama nyuma ya mlango na ndani ya kabati. Ya kumetameta ya maji haina tabia hiyo. Mlango wa zamani wenye rangi ya mafuta upigwe msasa ukiwa na maji, watoto wakiwa mbali, kwa sababu rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, nyingi zilikuwa na madini ya risasi.

Watoto wamechora ukutani. Nimegusia kwa rangi ileile iliyobaki lakini viraka vinaonekana.
*Mama wa Dodoma*

Umegusia kwa brashi mahali palipopakwa kwa rola. Alama za brashi hurudisha mwanga kwa namna tofauti, na kwenye silki ndiyo mbaya zaidi. Tumia rola ndogo ya manyoya yaleyale, rangi ikiwa imezimuliwa kwa maji asilimia 10, na uififishe kingoni kwa rola iliyokaribia kukauka. Ikiwa ukuta una zaidi ya mwaka mmoja umeshapauka kidogo na kiraka hakitafichika. Paka ukuta huo mmoja kutoka kona hadi kona, zile nyingine ziache.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi juu ili isipate hewa. Bandika juu yake namba ya fomula, tarehe na jina la chumba, na uiweke kabatini, mbali na joto la bati.